Mtoto Huyu Ni Wetu, Mkimwona Mtupigie

Mtu anayetafuta nyumba Ruiru huuliza kodi, halafu maji, halafu kama stima ni ya tokeni. Mimi na mke wangu huuliza geti. Hufungwa saa ngapi, nani ana ufunguo, komeo liko juu au chini, na mlinzi analala hapo hapo au huja asubuhi na kwenda zake jioni. Tukishajibiwa hayo tunatoka nje kuangalia barabara iko umbali gani, mto unapita wapi, na kama kuna timbo la zamani karibu. Upande huu wa Kiambu, Juja na Ndarugu hasa, mawe ya kujengea hukatwa ardhini, na timbo likiachwa hujaa maji ya mvua. Tukiridhika na hayo yote ndipo tunauliza kodi.

Kijana wetu wa kwanza ana usonji. Sasa ana miaka 9. Anapenda magari na maji kuliko kitu kingine chochote, na ukimwita jina huenda asigeuke hata kama umesimama nyuma yake. Mlango ukiachwa wazi kwa muda wa kuanika shati moja tu, ameshatoka. Hatoki kwa utundu wala kwa kuogopa kuchapwa. Kuna kitu amekikumbuka huko nje na anakifuata. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4, na hatari zilizotajwa na wazazi wao ni hizi hizi tunazoziogopa sisi: magari na maji.

Usonji huelezwa mara nyingi kama jambo la daktari na mzazi ndani ya chumba kilichofungwa. Nimeishi nao Thika na nimeishi nao Ruiru, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi iko mtaani, mikononi mwa watu ambao pengine hawajawahi kulisikia neno lenyewe.

Alizaliwa tukiwa Makongeni, Thika, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, kamba za nguo katikati na mfereji mmoja karibu na geti. Alikuwa mtoto mtulivu, mzuri wa kulala. Alipokaribia mwaka na nusu tukaona kwamba haonyeshi kidole. Mtoto wa umri huo huonyesha kidole hata pale asipotaka kitu. Anakuonyesha mbwa, ndege, mwezi, ili nawe umwone. Wetu hakufanya hivyo. Akitaka chai alinishika kifundo cha mkono, akaubeba mkono wangu na kuuweka juu ya thamosi, bila kunitazama usoni. Vifuniko vya soda alivipanga kizingitini, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake, mstari ulionyooka, na mtu akikigusa kimoja kwa kiatu kikasogea, kilio chake kilisikika hadi ploti ya pili.

Aliyetusaidia kwanza ni shosho wa chumba cha mwisho, mama mzee aliyekuwa akipika githeri ya kuuza. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mtoto ni kiziwi. Yeye akaja mlangoni akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto masikio yake ni mazima. Nikifungua karatasi ya mkate anakuja mbio. Ni jina lake ndilo halimfikii." Baadaye, mtaalamu wa masikio alipompima na kutuambia kwamba anasikia vizuri, nilimkumbuka shosho. Kipimo hicho ni cha lazima, maana mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji wanaweza kufanana machoni pa mtu mwenye haraka. Lakini yule mama alikuwa amekifanya tayari kwa karatasi ya mkate, kwa sababu alikuwa akimtazama mtoto kila siku.

Katika kituo kimoja cha afya tuliambiwa wavulana huchelewa kusema, tusubiri. Ni kweli wengine huchelewa. Ila kuchelewa kusema ni jambo moja, na kutoonyesha kidole, kutoitika jina na kutocheza mchezo wa kujifanya unapika au unaendesha gari ni jambo jingine. Hayo yakija pamoja, mzazi asikubali kusubiri, aende kwingine. Sisi tulienda kwingine. Hakuna kipimo cha damu cha usonji wala picha ya kichwa inayoutambua. Daktari wa watoto alikaa naye sakafuni, akampa mipira na vijigari, akamwangalia, akatuuliza maswali marefu kuhusu nyumbani: anakula nini, analala vipi, anaogopa sauti gani. Kisha akatueleza kwamba ubongo wa mtoto huyu unapokea dunia kwa namna yake tangu mwanzo, kwamba si ugonjwa wa kutibiwa ukaisha, na kwamba kuna mengi atakayojifunza iwapo tutamfundisha kwa njia anayoielewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Fikiria shule ya watoto 1,000, au ibada moja ya Jumapili iliyojaa. Wamo humo.

Sasa likaja suala la nani alaumiwe. Kwetu Wagikuyu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mama yangu humwita kijana huyu kwa heshima ileile aliyompa marehemu mumewe. Kwa hiyo baadhi ya wazee walitazamana wakasema pengine marehemu hakufurahia jambo fulani. Wengine walimtazama mke wangu: alikula nini, alikanyaga nini, alimkosea nani. Mama yangu ndiye aliyewanyamazisha. Alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kelele, aliyepanga majembe yake kwa urefu, na kama mtoto amemfuata babu yake, basi amemfuata. Kuna sayansi zaidi katika kauli hiyo kuliko mama alivyojua. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha mara kwa mara kwamba urithi wa kijenetiki ndiyo sababu kubwa ya usonji kuliko nyingine yoyote.

Lawama ya namna hii haiko Kiambu peke yake. Joseph Gona na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi walizungumza na wazazi na wataalamu wa Pwani, na mwaka 2015 wakachapisha waliyoyasikia: pepo wabaya, uchawi na laana vilitajwa bega kwa bega na matatizo ya uzazi, maambukizi na urithi, na wazazi wengi walienda kwa mganga, kanisani au msikitini na hospitalini, zamu kwa zamu. Na asidhani mtu kwamba wasomi wa Ulaya na Marekani walikuwa na huruma zaidi. Kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, wataalamu wenye majina makubwa walifundisha kwamba usonji husababishwa na mama mwenye moyo baridi. Bruno Bettelheim alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967, na maelfu ya kina mama wakabebeshwa hatia isiyo yao. Mganga wa kijijini humlaumu jirani mwenye wivu. Hawa walimlaumu mama mzazi, wakaita hiyo elimu.

Chanjo nayo nitaigusa kwa sababu niliulizwa juu yake kanisani, kazini na ndani ya matatu. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ripoti ya watoto 12 iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji. Ripoti hiyo ilifutwa mwaka 2010, na tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikupata uhusiano huo. Hapa Kenya dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, umri uleule ambao wazazi huanza kuona kwamba kuna jambo. Mambo mawili yamekutana kalendani, basi. Mpeleke mtoto achanjwe.

Katika kusoma kwangu, habari iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya Donald Triplett. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika makala juu ya watoto 11, makala inayohesabiwa kuwa mwanzo wa usonji kujulikana kwa jina lake, na Donald ndiye mtoto wa kwanza katika orodha hiyo. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Kabla hajatimiza miaka 4 wazazi wake walishauriwa wamweke katika taasisi, wakamweka. Baada ya kama mwaka mmoja walimchukua, ingawa waliokuwa wakimtunza walipinga. Baadaye walimpeleka akaishi kwa mkulima mmoja na mkewe, si mbali na mjini. Kanner alienda kumtembelea huko na akaandika alichokiona. Donald alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu. Wale wakulima wakamtuma achimbe kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakampa farasi na plau, akahesabu huku analima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakamtengea mahali pa kuwazika na kuweka alama.

Watu hawa hawakuwa wataalamu wa lolote zaidi ya shamba lao. Hawakumpiga marufuku kuhesabu. Walitafuta kazi inayotaka mtu anayehesabu.

Donald alimaliza chuo kikuu mwaka 1958, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Sitaki kuficha kwamba benki ile ilikuwa ya familia yake na kwamba pesa ilimfungulia milango mingi. Lakini waandishi John Donvan na Caren Zucker walipokwenda Forest kumtafuta alipokuwa mzee, kitu kilichowashangaza ni wenyeji. Watu wa mji waliwaonya wasije wakamuumiza Don. Alikuwa wao. Tangu utotoni walijua anavyosema, anavyotembea, anavyopenda kuwapa watu namba badala ya majina.

Mimi sina benki, lakini shosho wa Makongeni alikuwa na ungo. Alipoona mtoto anavyopanga vifuniko, alimkalisha kando yake na njahi zilizochanganyika na mawe madogo na punje za mahindi. Mtoto akachukua punje moja moja, akaweka njahi kulia, mahindi kushoto, mawe kwenye kopo, na kila jiwe likilia ndani ya kopo alicheka. Hakuinua kichwa hadi ungo ulipokwisha. Shosho akasema githeri yake haijawahi kuwa safi hivyo. Siku hizo hatukuwa na wasiwasi wa geti. Mtoto akilisogelea, sauti tatu au nne zilisikika kwa pamoja, na mkono wa mtu mmoja ulikuwa umeshamshika.

Kisha nikapewa uhamisho wa kufundisha Ruiru, tukahama.

Ruiru ni mji mwingine kabisa. Sensa ya 2009 ilihesabu hapa watu karibu 240,000. Ile ya 2019 ikahesabu takriban 490,000. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa yaligeuka viwanja na viwanja vikageuka ghorofa. Watu hutoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku. Unaweza kuishi ghorofa moja na mtu mwaka mzima ukamjua kwa viatu alivyoviacha mlangoni tu. Katika mji wa wageni watupu mtoto anayetembea peke yake ni mtoto wa mtu fulani, kila anayemwona anadhani mwenyewe yuko karibu, na hakuna anayemshika.

Wiki ileile tuliyohamia, mke wangu alimshika kijana mkono akapita naye mtaani, kibanda kwa kibanda: mama mboga, kinyozi, duka la Mpesa, fundi wa viatu, vijana wa bodaboda wa steji. Maneno yake yalikuwa mafupi. "Habari zenu. Huyu ni mtoto wetu, tunakaa ile nyumba ya geti la kijani. Ana usonji. Anasikia, lakini huenda asijibu. Mkimwona peke yake, jueni amepotea, hata kama anaonekana ana haraka ya kwenda mahali. Namba yetu hii hapa, mtupigie." Mama mboga akauliza anapenda kula nini. Akaambiwa ndizi. Kijana mmoja wa boda akauliza, "Na akikasirika tufanye nini, mama?" Akamjibu, "Usimkamate kwa nguvu, usimpigie kelele. Mwambie Thika, Thika. Atakufuata."

Alisema hivyo kwa sababu maneno ya kwanza ya kijana wetu yalitoka kwa makanga. Kabla hajawahi kutamka mama, alitamka "Thika! Thika! Thika!" kwa sauti ileile ya steji. Alijua gari la 237 na la 145 kabla hajajua rangi. Watoto wengi wenye usonji huanza kusema kwa kurudia walichosikia, na ni rahisi mtu kudhani ni kasuku tu. Mtaalamu wa tiba ya usemi alitwambia tusikilize ni wakati gani anatamka nini. Tukasikiliza. Wageni wakijaa sebuleni na kelele ikamzidi, alisema "Shukisha!" Akichoka kuoga, "Shukisha!" Akitaka twende, alipiga ukuta mara mbili kwa kiganja, kama makanga anavyopiga ubavu wa gari kumwambia dereva aondoke. Alikuwa akizungumza nasi. Tangu tulipoanza kumjibu, yaani kumtoa sebuleni kila aliposema shukisha, vilio vya kujitupa chini vilipungua kwa namna ambayo hata majirani waliiona.

Baadhi ya jamaa hawakupenda ile ziara ya mtaani. Walisema tunamwanika mtoto, tunawapa watu cha kusema. Ninaelewa hofu yao, maana kuna watu wabaya, na kuna mitaa ambayo ningechagua kwa makini zaidi nani wa kumwambia. Lakini mtoto aliyefichwa ndani hafahamiki na yeyote, na siku akitoka hana hata mtu mmoja wa kumtambua.

Siku hiyo ilifika. Ilikuwa Jumapili alasiri, lori la maji limekuja, geti limefunguliwa pande zote mbili ili dereva arudi kinyumenyume. Simu ililia kabla hatujafika chini. "Mwalimu, kijana wako yuko hapa steji. Nimemwambia Thika Thika, amepanda pikipiki yangu, lakini haachi honi." Tulimkuta amekaa juu ya tangi la mafuta, anapiga honi na kucheka, yule kijana wa boda amemshika kiunoni. Alikuwa amemwona akitembea kuelekea barabara kuu, moja kwa moja, macho yako kwenye magari. Watu wengine walikuwa wamepishana naye njia nzima. Yule kijana hakujua usonji unaanzia wapi katika ubongo. Alijua maneno mawili ya kumwambia.

Kuhusu shule nitasema kidogo, kwa ajili ya mzazi anayeanza leo. Usizunguke mitaani ukiuliza shule ipi ni nzuri kabla mtoto hajapimwa. Kuna vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC; vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kumtathmini mtoto na kueleza ni wapi atafaa, iwe darasa la kawaida lenye msaada, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoko Kasarani nayo hutathmini watoto. Mwandikishe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na mtu akikuuzia dawa ya kuondoa usonji, iwe ni mitishamba, sindano au maji ya maombi ya bei, mkatalie kwa upole na uzitumie pesa hizo kwa nauli ya kliniki. Kazi inayosaidia ni ya polepole: kumfundisha kuomba, kusubiri, kuvaa, kwenda choo, kuvumilia sauti, siku baada ya siku.

Kina baba wenzangu, nina neno nanyi. Kwenye benchi la kliniki huwa nimezungukwa na kina mama. Wengi wao wataniambia kwamba baba wa mtoto aliondoka mwaka uleule jina la usonji lilipotajwa. Rudini. Kama kurudi nyumbani kumeshindikana, lipeni nauli, mchukueni mtoto Jumamosi, mjue anachosema anaposema shukisha.

Na wewe jirani, uwe unakaa Landless, Kiganjo, Githurai au Kihunguro: kama kuna mtoto katika ploti yako asiyeitika jina, muulize mama yake anapenda nini na anaogopa nini, na uweke namba ya huyo mama kwenye simu yako. Wenye matimbo yaliyoachwa wayazungushie ua, na kaunti iwalazimishe. Mtoto akipotea usingoje, hakuna sheria inayokutaka usubiri saa 24 kabla ya kuripoti polisi. Ukimpata wa mwenzako na hujui pa kumpeleka, piga 116, simu ya kitaifa ya kusaidia watoto. Hupokelewa mchana na usiku, na hailipishwi.